Sekunde Nne za Kupoa

Palikuwa na nchi, tena ipo mpaka leo, ila wakati huo jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye matengenezo, kwa hiyo wananchi wake walisema tu "hapa kwetu". Basi hapa kwetu kulikuwa na amani, kulikuwa na Wizara ya Utulivu wa Ndani ya Kichwa, na kulikuwa na watu waliochanganyikiwa majumbani mwao bila kibali. Mimi sitii chumvi. Naeleza kama yalivyokuwa, na anayebisha aende wizarani akaulize, iko ghorofa ya sita na lifti inatengenezwa.

Hospitali ya watu wa namna hiyo ilikuwepo zamani. Lilikuwa jengo zuri lenye bustani, na kwa sababu ya uzuri wake likageuzwa kuwa ukumbi wa mikutano ya kujadili uhaba wa hospitali. Baada ya mikutano kumi na saba, Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mtokambali, alisimama, akasafisha koo kwa dakika nzima, akatoa wazo ambalo siku hizi linafundishwa mashuleni.

"Ndugu wananchi! Dharura ya kichwa haihitaji daktari. Inahitaji jirani! Jirani ana nini? Jirani ana mdomo. Na mdomo huo tumeujaalia neno gani? Neno pole! Hiyo ndiyo dawa yetu. Haina madhara, haiozi, wala haihitaji jokofu!"

Watu walipiga makofi mpaka wengine wakapewa pole kwa kuumia viganja. Kila mtaa ukaundiwa Kikosi cha Pole cha Dharura: wajumbe watano, vizibao vitano vya njano, benchi moja, filimbi moja na fomu za nakala tatu. Mtu akichanganyikiwa, filimbi inapulizwa. Kikosi kinafika kabla ya dakika tisa, kinajipanga mstari mbele ya mgonjwa na kusema kwa sauti moja, "Pole sana." Mgonjwa naye, kwa kuwa kalelewa, anajibu kama sote tulivyofundishwa tangu tukiwa tunabebwa mgongoni: "Asante, nimeshapoa." Akishatamka hivyo, amepoa. Si amesema mwenyewe? Karani anaandika saa, mgonjwa anatia sahihi, benchi linabebwa. Kifungu cha tano cha mwongozo kilikataza kikosi kuondoka kabla neno hilo halijatamkwa, lakini hakuna aliyejisumbua kukisoma, maana hapa kwetu alikuwa hajaonekana mtu wa kupewa pole akakosa adabu ya kuijibu.

Mwaka wa kwanza walipona asilimia mia moja ya wagonjwa. Mwaka wa pili walipona asilimia mia moja na nne, kwa sababu wengine walipona kabla ya kuugua.

*

Karani wa kikosi cha Mtaa wa Tatu, ambaye pia ndiye aliyetunza filimbi, aliitwa Sihaba binti Mfaume. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alifanya kazi posta mpaka barua zilipoisha, akarudi nyumbani kumtunza mama yake, na wawili hao wakaishi pamoja katika nyumba ya vyumba vitatu wakigombana kila siku kuhusu chumvi. Sihaba alikuwa na sauti nzuri ya pole, nzito na ya pole kweli, na mitaa mingine ilikuwa ikimwazima kwa sherehe za kitaifa.

Mama yake alifariki mwezi wa nne, siku ya Jumanne. Kikosi kilifika upesi, maana kilikuwa chake mwenyewe. Wakajipanga. Wakasema, "Pole sana, Bi Sihaba." Naye, kabla hata machozi hayajapata njia, akajibu, "Asanteni, nimeshapoa." Mwenyekiti wa kikosi, Mjumbe Ngwilizi, alitazama saa yake, akaitazama tena, akapiga kelele ya furaha mbele ya maiti. Sekunde nne! Haijawahi kutokea mtu akapona kifo cha mzazi kwa sekunde nne. Wizara ikamletea cheti chenye fremu, akakitundika sebuleni juu ya kiti cha mama.

Zamani, mtu akifiwa, majirani wangehamia kwake na mikeka yao, wakakaa matanga siku tatu, wakapika, wakalala palepale sakafuni. Desturi hiyo ilikuwa imefutwa kwa waraka. Waraka ulieleza vizuri tu kwamba mfiwa anapona kwa sekunde chache, na kuendelea kukaa na mtu mzima wa afya kwa siku tatu ni utoro kazini. Kwa hiyo siku ya mazishi, saa saba mchana, nyumba ya Sihaba ilikuwa tupu, imefagiwa, na kimya chake kilikuwa kikubwa kuliko vyumba vyenyewe.

Tangu hapo alikula peke yake, na akawa hajui kupika kidogo. Kila alipopika ugali ulikuwa wa watu wawili, na nusu ya pili aliitazama ikipoa, kisha ikawa ngumu, kisha akaitupa. Mchana alifungua redio. Msomaji wa habari alikuwa na desturi ya kuanza kwa kusema, "Hamjambo wasikilizaji?" Sihaba alikuwa akimjibu kwa sauti, "Hatujambo," halafu anabaki kujiuliza, hatujambo mimi na nani? Alikuwa mpweke, nalisema waziwazi kwa kuwa halikuandikwa popote. Upweke haukuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

*

Miezi sita baada ya msiba, kikosi kiliitwa kwa Bwana Kihampa, fundi redio, ambaye asubuhi na mapema alikuwa amepanda juu ya bati la nyumba yake, akakaa huko na kukataa kushuka. Walipofika alikuwa amekumbatia magoti. Kikosi kikajipanga chini, kikainua nyuso.

"Pole sana, Bwana Kihampa!"

"Asanteni," akajibu kutoka juu, kwa sauti ndogo, "nimeshapoa."

"Hongera!" akasema Mjumbe Ngwilizi. "Karani, andika."

Sihaba akaandika. Fomu ikafungiwa kwenye jiwe, ikarushwa juu ya bati, ikatiwa sahihi, ikarushwa chini. Benchi likabebwa. Sihaba alikuwa wa mwisho kuondoka, na alipogeuka akaona mtu aliyepona bado amekumbatia magoti yake juu ya bati, anawatazama wanavyokwenda. Akampungia mkono, naye Kihampa akampungia. Alishuka keshokutwa yake kwa sababu ya mvua, lakini mvua haikutajwa kwenye ripoti, kwani si mjumbe wa kikosi.

Ule mkono ulimkaa Sihaba moyoni. Kesho yake asubuhi aliteleka maji ya kumwogesha mama yake kama alivyofanya miaka mingi, akakumbuka, akayamwaga. Siku ya pili akayateleka tena, akayamwaga tena. Siku ya tatu hakuyamwaga. Alikaa kwenye kigoda akayatazama yakichemka, yakipungua, yakikauka, mpaka sufuria likaanza kuungua na moshi ukajaa jikoni. Aliuona moshi. Alijua kinachotakiwa ni kuinuka tu, na hakuona sababu ya kuinuka. Alikaa hivyo kwa muda ambao hakuweza kuueleza baadaye, kikohozi kikamwinua kwa nguvu, akatoka nje kwa magoti.

Pale uani alishikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Moshi haukumtisha. Kilichomtisha ni ile hali ya kukosa sababu, kwa sababu alijua kesho ataamka, atateleka maji, na huenda kikohozi kisije. Alihitaji mtu. Hakuhitaji neno la mtu. Alihitaji mtu mwenyewe, mwenye miguu, aliyekaa ndani ya nyumba ile.

Akaingia, akaichukua filimbi ukutani, akasimama mlangoni pake saa nne asubuhi, akapuliza.

*

Walifika kwa dakika saba, Mjumbe Ngwilizi mbele, benchi nyuma.

"Kazi nzuri, karani! Mgonjwa yuko wapi?"

"Ni mimi, Mjumbe."

Ngwilizi akamtazama, akatazama nyuma yake kama kuna mwingine. "Wewe ndiye karani."

"Ndiyo."

"Sasa ukiwa mgonjwa, nani ataandika?"

Jambo lilikuwa zito. Walijadiliana palepale barazani, na ikaamuliwa kwamba aandike yeye kwanza akiwa karani, kisha avue kizibao, azunguke benchi na kuwa mgonjwa. Sihaba akaandika jina lake, umri wake, nyumba yake. Penye aina ya dharura akafikiri kidogo, akaandika: nyumba kubwa. Akavua kizibao, akakikunja, akazunguka.

"Pole sana, Bi Sihaba," wakasema wote wanne.

Ulimi ulikuwa umeshaanza safari. Uliijua njia, uliipita miaka yote. Sihaba aliushika kwa meno. Sekunde nne zikapita, zikapita kumi, Ngwilizi akaanza kugonga kioo cha saa yake akidhani imeharibika.

"Bado," akasema Sihaba.

"Bado nini?"

"Sijapoa. Bado."

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alivua miwani na kuipangusa, kana kwamba kosa lilikuwa la macho. Ngwilizi akaamuru pole irudiwe kwa sauti ya juu. Bado. Wakaisema mmoja mmoja. Bado. Wakaisema wameweka mikono vifuani, wakaisema wameinama, mwalimu akaisema kwa mashairi. Bado, bado, bado.

"Bi Sihaba," Ngwilizi akanong'ona, "mbona unatuaibisha? Sema tu tuondoke. Si lazima iwe kweli."

"Hivyo ndivyo nilivyosema miaka yote, Mjumbe. Leo siwezi."

Ngwilizi akaufungua mwongozo kwa mara ya kwanza maishani. Akasoma kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, na alipofika cha tano akakaa kwenye benchi taratibu. "Haturuhusiwi kuondoka," akasema.

*

Basi wakakaa. Mchana njaa ikawauma, na kwa kuwa Sihaba hakujua kupika kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne ugali ukaliwa wote. Jioni wakaagiza mikeka makwao. Siku ya pili mjumbe mmoja, fundi seremala, aliyeshindwa kukaa bure, akatengeneza bawaba ya mlango uliokuwa ukilia mwaka mzima. Wakacheza karata, mwalimu akawaibia, wakagombana, wakapatana. Kila saa ikigonga, walijipanga, wakasema pole, wakajibiwa bado, wakarudi kwenye karata. Na siku ya tatu Sihaba alilala mchana kweupe, kutoka saa nane mpaka saa kumi na moja, usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi sita, kwa sababu sebuleni kulikuwa na mtu anayekohoa.

Lakini hakuwa mjinga. Aliwaona walivyotazama saa. Aliona Ngwilizi anavyosimama mlangoni akiangalia barabara kama mtu aliyefungwa. Waliwekwa pale na kifungu cha tano, na kifungu kikiondoka nao wataondoka. Siku ya tano aliamka akajisikia nafuu kidogo, nafuu ya kweli, kitu kimelegea kifuani, na badala ya kufurahi akaogopa. Akipoa, watakwenda. Akakaa kitandani akijikaza asiendelee kupoa, na upweke ukampiga pale pale, watu wanne wakiwa chumba cha pili wakicheka.

Siku ya sita alikuja Waziri mwenyewe, na magari kumi na mawili, na kipaza sauti, ambacho alikitumia sebuleni, hatua mbili kutoka kwa Sihaba.

"Mama! Takwimu zimeshuka! Taifa zima limepoa isipokuwa wewe! Wageni wa nje wametualika tukawafundishe wao kupoa, tiketi zimekatwa, na wewe unasema nini? Unasema bado!"

"Nasikitika, Mheshimiwa."

"Oh, pole," akasema Waziri, kwa kuwa naye alilelewa.

"Bado, Mheshimiwa."

Waziri akashusha kipaza sauti. Akatembeza macho chumbani, akaona sufuria kubwa, akaona mikeka, akaona wajumbe wamekaa chini wamekunja miguu. Akarudi nyuma hatua moja. "Watu wanakaa humu! Wanakula, wanalala! Hii si dharura. Haya ni matanga! Mnakaa matanga kinyume cha waraka!"

Mwalimu alitazama mkeka aliokalia, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeambiwa jina la kitu alichokuwa akikitumia bila kukijua.

*

Serikali yetu haikosi ufumbuzi. Jioni ile ile liliitishwa Baraza la Maana, ambalo kazi yake ni kurekebisha maneno yanapokwenda kinyume na mambo. Baraza likakaa kwa muda wa saa tatu, likanywa chai, likatangaza redioni kwamba kuanzia siku ya pili yake neno bado litakuwa na maana ya tayari, nchi nzima, kwa watu wa rika zote.

Faida zilionekana kesho yake tu. Daraja la mtoni, ambalo lilikuwa bado, lilizinduliwa. Watoto mashuleni walioulizwa kama wamekula wakasema bado, wakaandikwa kwamba wameshiba. Na katika Mtaa wa Tatu, saa mbili asubuhi, Mjumbe Ngwilizi alijipanga na kikosi chake kwa mara ya mwisho, vizibao vimepigwa pasi.

"Pole sana, Bi Sihaba."

Sihaba alikuwa ameisikia redio. Angeweza kukaa kimya, lakini alikuwa amechoka, na lilikuwa ndilo neno pekee la kweli alilokuwa nalo. "Bado," akasema.

"Hongera sana!" Ngwilizi akaandika mwenyewe, akamshika mkono wake na kuuongoza kwenye sahihi. Ndani ya dakika nne mikeka ilikuwa imekunjwa, benchi liko begani, filimbi imechukuliwa, kwani mtu aliyewahi kuugua hafai kutunza filimbi. Mwalimu alichelewa kidogo mlangoni. Akasema, "Haya, dada," akawafuata wenzake. Mlango ulijifunga bila kulia, maana bawaba ilikuwa nzima.

Sihaba akabaki amesimama. Mtaa ukawa kimya. Alikwenda jikoni, akalijaza maji lile sufuria lililoungua, akalitazama. Hakuliteleka. Akaliacha chini na kukaa kando yake, na hakujua ni nini kitakachofuata.

*

Alasiri mlango wa uani ulisukumwa bila hodi. Aliyeingia ni Nyamizi, muuza vitumbua wa nyumba ya pili, mwanamke wa maneno makali ambaye hakuwa amesema na Sihaba tangu mwezi wa nne. Nyamizi aliwahi kuomba ujumbe wa kikosi akafeli usaili: walimwambia aseme pole, yeye akauliza kwanza mtu kafanywa nini. Mkono mmoja alishika mbuzi ya kukunia nazi, mwingine amekumbatia nazi tatu. Akaweka mbuzi sakafuni, akaikalia, akapasua nazi ya kwanza kwa kisu, maji akayanywa mwenyewe.

"Kikosi kimeshaondoka," akasema Sihaba.

"Nimekiona kinapita."

"Fomu imefungwa, Nyamizi. Nimepona."

"Mimi sikuja kwa fomu." Akaanza kukuna. "Siku ile mama yako alipofariki nilikuja mpaka mlangoni hapo. Nina mkeka wangu, waraka ama si waraka. Nikasikia unasema umeshapoa. Nikasema, looo! Mtoto wa kumzaa kashapoa, mimi jirani ninayelia nakwenda kufanya nini? Nikarudi na mkeka wangu. Nikakuchukia, nakwambia kweli."

"Niliitikia tu," Sihaba akasema. "Ilitoka yenyewe."

"Nimelijua juzi. Nimesikia barabara nzima wanakulaani eti unasema bado, nikasema, ahaa. Kumbe."

Akakuna mpaka nazi ya kwanza ikaisha. Bakuli likajaa nazi iliyokunwa.

"Mama yako alikuwa akija kwangu kila Jumamosi kukusengenya," akasema.

Sihaba akainua uso. Tangu mwezi wa nne hakuna mtu aliyekuwa amemtaja mama yake mbele yake, hata mara moja. "Alikuwa akisema nini?"

"Anasema una mkono mzito wa chumvi. Anasema ukimwogesha unamsugua kama sakafu. Halafu anasema, lakini Nyamizi, maji yake yana joto lile lile ninalolitaka, sijui analijuaje."

Hapo Sihaba alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kwa namna ambayo hakulia siku ya mazishi, akashika ukingo wa sufuria kwa mikono miwili. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara, saa ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akilia hapa kwetu. Nyamizi hakumwambia pole. Alivuta bakuli karibu, akachukua nazi nyingine akaipima mkononi.

"Lia tu," akasema. "Nazi bado mbili."